Kujichokonoa ngozi: nimetibiwa ana kwa ana, nimetibiwa kwa video. Tofauti nilizoziona

KUCHA_FUPI (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi ni mrefu, kavute kiti. Wenye kejeli karibuni pia, ila mpite kushoto.

Mimi ni mwanamke, miaka 31, mkazi wa Tabata, natunza hesabu za duka la jumla Kariakoo. Tangu kidato cha tatu nina tatizo la kujichokonoa ngozi. Sisemi kutumbua chunusi moja kabla ya harusi ya binamu, hilo kila mtu kashafanya. Nasema kuingia bafuni saa nne usiku kupiga mswaki, ukatoka saa sita kasoro, kiuno kinauma kwa kuinamia kioo, mabega yanavuja damu, na mswaki wenyewe bado mkavu. Asubuhi unachagua blauzi kwa rangi, maana nyeupe itakuumbua kabla hujafika Buguruni.

Tuelewane jina kwanza. Siku nilipomwambia shosti yangu kwamba "najichuna", alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza buzi lenyewe linaishi wapi. Toka hapo nasema kujichokonoa. Madaktari nao walizunguka na majina mengi mpaka mwaka 2013, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, ulipoupa ugonjwa huu nafasi yake. Uorodheshaji mpya wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, umeuweka fungu moja na ule wa kujing'oa nywele. Basi si uchafu, si kurogwa, wala si kukosa kazi. Kazi ninayo, njooni mwisho wa mwezi mniangalie.

Nianze na tiba ya ana kwa ana.

Daktari wa ngozi ndiye alinituma kwa mwanasaikolojia. Alitazama mabega yangu, akaniambia, "Hii krimu nakuandikia, ila haina kazi kama vidole vitarudi palepale." Nikaenda kliniki moja binafsi upande wa Kinondoni. Kikao cha kwanza nimevaa mikono mirefu, Februari, joto mnalijua. Tunaongea habari za kawaida tu, nilisoma wapi, nimezaliwa wa ngapi. Ghafla yule mama akaweka kalamu chini, akasema: "Dada, tangu ukae hapo mkono wako wa kushoto umepanda begani mara tisa."

Wakuu, sikuhisi hata mara moja. Miaka yote ile nilikuwa nadhani tatizo langu ni la bafuni na kioo. Kumbe bafuni ndiko nilikoenda kwa kudhamiria, lakini mchana kutwa vidole vilikuwa vinafanya upelelezi vyenyewe, vinatafuta kijipele kilichokaa vibaya, vikikipata vinakiwekea alama ya usiku.

Akanieleza kwamba tiba anayotumia ilianzishwa na Wamarekani wawili, Azrin na Nunn, mwaka 1973, kwa ajili ya tabia kama hizi: kung'ata kucha, kujing'oa nywele, mishtuko ya misuli. Kwanza unajifunza kuukamata mkono ukiwa njiani. Pili unaupa kazi nyingine isiyoweza kufanyika pamoja na ile, mimi alinipa kukunja ngumi na kubana viwiko mbavuni, dakika moja mpaka tatu, hadi hamu ipite. Tatu anatafutwa mtu wa karibu wa kukukumbusha bila kukusimanga. Ukisikia unaona kitu cha kitoto. Jaribu ngumi ya dakika tatu ukiwa na gamba begani linalokuita jina.

Kwa hiyo ubora wa kukaa na mtu chumba kimoja ni huo: anaona mwili mzima. Kikao cha tatu nilivua mikono mirefu nikamwonesha. Hakukunja uso. Ukimtoa yule daktari wa ngozi, hakuna mtu aliyekuwa ameyaona mabega yangu tangu bweni. Nililia pale, akanipa tishu, na hata tishu ile nilianza kuinyofoanyofoa, tukacheka wote.

Sasa ubaya. Kikao shilingi elfu 60, bima yangu hailipi. Kutoka Kariakoo kwenda Kinondoni na kurudi, ukijumlisha kusubiri, nusu siku imeondoka, na bosi hawezi kuamini kwamba meno yanatibiwa kila Jumatano. Nikirudi jioni foleni imesimama, nimekaa dirishani, nimechoka kulia, hakuna cha kufanya: mkono begani. Siku nyingine nilifika Tabata na damu mpya kuliko niliyotoka nayo. Halafu kile kibenchi cha kusubiria. Wiki ya tano nilikaa pembeni ya mama tunayeimba naye kwaya. Kila mmoja akajifanya kasindikiza mtu. Baada ya vikao sita nikaacha, hela ikawa imekwisha.

Ya video naandika bandiko linalofuata, napika.

MZEE_WA_GEREZANI

Binti yangu pole. Ila sisi tulivyokuwa wadogo mtu akijishikashika anachapwa kiboko, anaacha. Haya magonjwa ya kizungu yameletwa na simu.

KUCHA_FUPI

Shikamoo mzee wangu. Mama yangu alitangulia kuwaza kama wewe. Alinipaka pilipili vidoleni. Nilijichokonoa vilevile, sasa na pilipili ndani ya kidonda. Simu yangu ya kwanza nilinunua nikiwa na miaka 20, na tatizo nilikuwa nalo miaka mitatu kabla.

BINTI_PANGANI

Nimesoma nikiwa nimejishika mdomo 😭 Mimi ni midomo na ngozi ya pembeni ya kucha za miguu. Dada endelea tafadhali, huku niliko mwanasaikolojia wa karibu ni safari ya basi. Nilikuwa najua niko peke yangu Tanzania nzima.

KUCHA_FUPI

Ya video sasa.

Ilinichukua mwaka kujaribu tena. Nikampata dada mmoja, mnasihi mwenye shahada ya saikolojia, anaishi Arusha, anatoa huduma kwa video. Elfu 35 kikao. Nikasema afadhali, bando la elfu mbili na mia tano, mambo yameisha.

Vikao vitatu vya kwanza vilikuwa kazi bure kabisa, na kosa si lake peke yake. Nilikuwa naegesha simu kwenye kopo la maua, inanionesha kuanzia kidevu kwenda juu. Yeye ananiona uso, natikisa kichwa, nasema wiki imeenda vizuri. Chini ya kioo cha simu mikono iko mapajani inafanya kazi yake. Hakuiona. Ingekuwa Kinondoni ningehesabiwa mara tisa.

Cha pili hakuna aliyenionya. Ukipiga video, uso wako mwenyewe unakaa pembeni pale. Ni kioo! Tunaongea kuhusu kuepuka vioo, na mimi saa nzima natazama kioo. Kikao cha tatu niliona kitu kidevuni, nikaanza kukigusa huku nikimsikiliza, mpaka akaniambia "dada, unavuja". Aibu niliyosikia ningezima simu nikasingizia mtandao. Na kweli nilizima nikasingizia mtandao.

Akanitumia ujumbe usiku ule. Hakunisema. Alinitaka nifanye mambo mawili: nizime picha yangu mwenyewe kwenye programu, nibaki naye tu, halafu simu niiegeshe mbali, juu ya friji, mikono yote ionekane. Toka hapo ndipo tiba ilianza.

Kikao cha tano akasema, "Leo nipeleke bafuni." Nikambeba kwenye simu kama mgeni anayeoneshwa nyumba. Nikamwonesha kioo, taa nyeupe kali juu yake, kikombe cha miswaki, ndani ya kikombe kibanio cha nyusi. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Hicho kigoda cha nini?"

Kigoda cha plastiki cha bluu, kile cha kukalia ukifua. Nikafungua mdomo nijibu nikakosa jibu. Bafu langu ni la kusimama, hakuna anayekaa mle. Nilikuwa nimekiingiza mwenyewe, sikumbuki lini, ili nikichoka kusimama mbele ya kioo niweke goti juu yake nikae karibu zaidi. Nilikuwa nimejifungulia ofisi kabisa, na kiti cha mfanyakazi nimeweka. Yule mama wa Kinondoni angeniona mabega miaka kumi, kigoda asingekiona hata siku moja, maana mimi mwenyewe nilikuwa sikioni.

Tukaibomoa ofisi tukiwa hewani. Kigoda kikarudi uani. Kibanio nikampa mpangaji mwenzangu anitunzie, nikamwambia ukweli nusu. Balbu nyeupe tukaitoa, nikaweka ya njano hafifu. Kwenye kioo nikatundika kanga. Nilivuta ya juu kabatini bila kusoma, nikaitundika, ndipo naona maandishi: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Dada wa Arusha alicheka mpaka simu ikamtoka mkononi.

Vidole navyo vilipewa kibarua. Vyangu vinapenda kitu cha kutafuta na kubandua. Basi jioni naloweka karanga mbichi, nikikaa kutazama tamthilia nabandua maganda. Wiki nyingine nachambua choroko kwenye ungo. Wapangaji wanadhani nina biashara ya mama lishe.

Ubaya wa video nao upo. Nyumba ya kupanga, dari halijafika ukutani vizuri, jirani akipiga chafya namwombea afya kutoka chumbani kwangu. Mambo mengine huwezi kuyasema. Kuna kikao nilifanyia ndani ya gari la kaka, limeegeshwa uani, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka kama niko jikoni kwenye shughuli. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha, tukaongea kwa simu ya kawaida. Sauti tupu. Nilijichokonoa kikao kizima na nilimwambia hivyo hivyo.

FUNDI_WA_OVALOKI

Mkuu nakupongeza kwa ujasiri. Mimi ni mwanaume, tatizo langu ni vidole gumba, nabandua ngozi mpaka siwezi kushika mkasi, na kazi yangu ni kushona.

Video kwangu ilifeli moja kwa moja. Nilifanya vikao vinane. Ukiwa peke yako chumbani unajua yule mtu hawezi kukufanya lolote, akiuliza umefanya mazoezi unasema nimefanya. Nilipoanza kwenda ana kwa ana, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali, yule kijana aliniambia "hebu weka mikono mezani". Mikono ikajibu yenyewe, mdomo haukupata nafasi. Gharama yenyewe ilikuwa ndogo kuliko bando nililopoteza. Foleni ndefu ndiyo, unaamka saa kumi na moja, ila unatibiwa.

Kwa hiyo mimi siwezi kumshauri mtu aanze na simu.

KUCHA_FUPI

Fundi, "mikono ikajibu yenyewe" naiandika ukutani. Wewe na mimi hatupishani hapo. Mimi pia nilidanganya video ilipokuwa ya kidevu.

Ila angalia tofauti yetu. Vidole gumba unatembea navyo, popote ulipo tatizo lipo, na daktari akisema weka mezani ameona yote. Langu lilikuwa na anuani: bafuni, usiku, taa imewaka. Ningeenda kliniki hata kila siku, saa nne usiku kliniki imefungwa.

BINTI_PANGANI

Na mimi wa midomo je? Midomo natembea nayo na nina simu tu, kliniki mbali.

KUCHA_FUPI

Wewe mdomo unaonekana kwenye kamera mdogo wangu, una bahati! Ukiinua mkono yeye anauona kabla yako. Ya miguuni ndiyo utageuza simu. Kama unaweza kusafiri mara moja au mbili tu mwanzoni, nenda. Ukishaonana na mtu uso kwa uso, ukamwonesha yale unayoyaficha, kumdanganya kwenye simu baadaye kunakuwa kugumu. Huo ndio mpangilio ambao ningechagua mimi kama ningeanza upya: vikao viwili vitatu vya kukaa naye, vinavyobaki vya video, na vya video vifanyike kulekule unakojichokonolea.

NESI_WA_ZAMU_YA_USIKU

Nimesoma kimyakimya tangu jana, nimeona bora nichangie upande wa vidonda.

Sisi wenye ngozi nyeusi, kidonda kikipona kinaacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Wengine wanaota makovu yanayovimba. Sasa ninachokiona wodini ni hiki: dada anajichokonoa, linabaki doa, anakwenda kununua mkorogo wa kuondoa doa, mkorogo una dawa aina ya steroidi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara na vipele vinaongezeka, vipele vipya vinachokonolewa. Nimeona mtu wa miaka 24 shavu lake limekwisha. Madoa yaacheni, tibuni vidole kwanza.

Kidonda kibichi osha kwa maji na sabuni ya kawaida, paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta. Mafuta yanasaidia kidonda kupona bila gamba gumu, na kidole kikija kinateleza, hakipati pa kushika. Plasta yenyewe ni kizuizi.

Kuna hali ambazo video haifai hata kama mnasihi wako ni malaika. Kidonda kimevimba, kina joto, kinatoa usaha, au una homa: njoo hospitali leo. Na mtu akianza kuwaza kwamba bora afe kuliko kuonekana hivyo alivyo, huyo asiachwe na simu, aletwe, na asiletwe peke yake.

Kuhusu vidonge, najua mtauliza. Kuna N-acetylcysteine, hospitali tunaijua kwa kumtibu aliyezidisha paracetamol. Marekani waliijaribu kwa watu wazima 66 wenye tatizo hili, wiki 12, majibu yakachapishwa 2016: waliopewa dawa walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Si ruhusa ya kwenda duka la dawa ukajinunulia. Mwenye pumu, mjamzito, anayetumia dawa nyingine, aanze na daktari.

MZEE_WA_GEREZANI

Nesi, hilo la karatasi ya sigara limeniingia. Nina mjukuu wa kike anajipaka hayo madude. Nilidhani ana mba.

MAMA_WAWILI

Naomba niulize kwa niaba ya mwanangu, ana miaka 9, anachokonoa alama za mbu miguuni hazijapona tangu mwaka jana. Mwalimu alidhani ana upele akamtenga dawati la nyuma. Nimempatia mtu wa video, dakika ya tano mtoto kashatoka kwenye kamera yuko uvunguni na paka.

KUCHA_FUPI

Mama pole, hapo kwenye dawati nimeumia. Mimi si mtaalamu wa watoto. Niliona tu pale kliniki kwamba watoto walikuwa wanaingia na mzazi, wanakaa chini kwenye mkeka, wanacheza na udongo wa kufinyanga, na daktari anacheza nao. Sijui utaufanyaje mkeka ule kwa simu. Ila yule wa video usimtupe, mtumie wewe mwenyewe! Wewe ndiye unakaa naye saa zile za jioni. Wewe ndiye unahitaji kufundishwa namna ya kumwambia bila kumfokea "acha!" Mimi neno hilo nililisikia mara elfu na halikuniachisha.

Na chandarua kwanza, alama za mbu zisizaliwe.

KILAZA_MSTAAFU

Nimefanya kazi maktaba ya chuo muda mrefu, nikiona ubishi kama huu mkono unawasha (samahani kwa neno hilo kwenye uzi huu).

Mwaka 2018 Per Carlbring wa Uswidi na wenzake walikusanya majaribio 20 yaliyolinganisha tiba ya intaneti na tiba ya ana kwa ana. Yalikuwa ya magonjwa mbalimbali, sonona na hofu ya kuwa mbele za watu yakiwemo, na matokeo yalikuwa karibu sawasawa. Wengi wakilisikia hilo wanasema basi video ni sawa na kliniki. Hapana, soma vizuri. Tiba ya intaneti waliyopima wale ilikuwa ya masomo: unasoma sura kila wiki, unafanya mazoezi, na kuna mtu wa kweli anayesoma majibu yako na kukuandikia. Huyo mtu ndiye nguzo. Programu zisizo na mwongozaji watu huziacha katikati, zikabaki zimekaa kwenye simu na picha za harusi.

Kwa ugonjwa huu wenyewe, Uswidi hukohuko, mwaka 2022, waliwajaribu watu wachache wenye kujing'oa nywele na kujichokonoa, tiba ya vitendo kwa njia ya intaneti, dalili zikapungua. Kikundi kilikuwa kidogo, msikimbie nacho mbali. Ila mleta uzi amesema kitu ambacho watafiti wanakijua: kuna mtindo wa tiba unaomtaka daktari achunguze sehemu, hisia za ngozi, mawazo, hali ya moyo na mikao ya mwili kabla ya kuagiza dawa ya vidole. "Sehemu" imo kwenye orodha. Kigoda cha bluu kimo kwenye orodha.

FUNDI_WA_OVALOKI

Mstaafu nimekusoma. Basi nakubali nusu: tatizo langu la kwanza halikuwa video, ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa anasoma daftari langu la mazoezi. Yule wa kliniki analisoma mbele yangu na kalamu nyekundu kama mwalimu wa hesabu.

BINTI_PANGANI

Wakuu kuna mwingine kanifuata faragha baada ya kusoma hapa. Anasema ni daktari wa ngozi na saikolojia, anatibu kwa siku saba, nitume picha za midomo na miguu na elfu 50. Nimtumie?

NESI_WA_ZAMU_YA_USIKU

USITUME. Siku saba hazitoshi hata gamba kudondoka.

KUCHA_FUPI

Mdogo wangu, hata senti. Muulize amesomea wapi, amesajiliwa wapi, na atazihifadhi wapi picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo kwenye zile nyeti. Wa kweli hakasiriki ukimuuliza. Wangu wa Arusha kabla ya kikao cha kwanza alinieleza mwenyewe anaandika nini, nani anaona, na hakuwahi kuniomba picha ya mwili. Alikuwa anataka picha ya bafu.

BINTI_PANGANI

Nimemblock. Asanteni. Jumamosi napanda basi kuja Dar, dada mmoja humu amenielekeza kliniki. Nitavaa barakoa njia nzima nisijishike mdomo 😂

KUCHA_FUPI

Hiyo barakoa ni tiba kamili, mwambie daktari umeigundua mwenyewe.

KUCHA_FUPI (wiki tatu baadaye)

Mrejesho, maana mmenijazia faragha.

Nilikuwa na siku 26 bila kujichokonoa bafuni. Alhamisi nimerudi kazini, mwenye nyumba kapitisha fundi umeme bila taarifa. Kabadilisha balbu zote za vyumba na mabafu, kaweka nyeupe za wati 18, anaona ametufanyia hisani. Kanga ilikuwa nimeitoa kufua. Nikaingia kupiga mswaki, nikawasha taa. Mabega yangu sijawahi kuyaona vile, kila kitundu kinaonekana. Saa moja na nusu ilipotea. Kigoda hakikuwepo, nilisimama kwa miguu yangu, hiyo tuseme ni maendeleo.

Nilimpigia dada wa Arusha nikilia. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Balbu iko wapi sasa hivi?" Nikasema iko darini. Akasema, "Ishushe, nasubiri." Nikapanda ndoo, nikaifungua kwa kanga maana ilikuwa ya moto, nikamwonesha kwenye kamera. Au niseme nilijaribu kumwonesha, bafuni kulikuwa giza, alikuwa anasikia tu ndoo inavyolia.

Mpaka leo naoga kwa mwanga wa koridoni. Nimezunguka Kariakoo mitaa miwili, kila duka wana nyeupe tupu. Mwenye kujua zinapouzwa za njano za wati tatu, zile za kuskrubu, anielekeze.